Neno la Mwenye Vumbi

Juzi tulimzika Mama Kabula huko Ushirombo, nyumbani kwao. Baada ya maziko, watu walipokuwa wakila wali chini ya turubai, binti yake mkubwa, Kabula mwenyewe, ambaye sasa ana wajukuu, alikuja akaketi karibu nami na sahani ambayo hakuigusa. "Baba mdogo," akaniambia, "mama aliwahi kurudishwa kwao. Nilikuwa mdogo, lakini siku ile naikumbuka. Kila nilipomuuliza sababu alinijibu, muulize Maduhu. Sasa nakuuliza." Nilimjibu kwa maneno machache, nikitazama viatu vyangu. Hayakumtosha, na mimi hayakunitosha. Nina miaka sitini na minne, na zaidi ya nusu ya hiyo nimeimalizia kwenye machimbo ya Geita, ambako nimeona watu wakitolewa chini wakiwa hai na wakiwa maiti. Hata hivyo mwaka ninaoukumbuka kuliko yote ni ule niliotimiza kumi na saba, nilipopokewa na wawindaji wa nungunungu katika kijiji kimoja upande wa Kolandoto. Ukoo wangu na malezi yangu nayaacha kando, hayana kesi na mtu.

Nungunungu ni mwizi wa karanga na viazi, na mchana hulala shimoni. Kumwinda si kukimbizana naye porini. Mkulima aliyeliwa shamba alimwendea Mzee Jilala, mkubwa wetu, na kesho yake asubuhi tulikwenda na majembe, tukafuata nyayo na miiba iliyodondoka mpaka kwenye shimo, mara nyingi chini ya kichuguu kikuukuu. Matundu mengine tuliyaziba kwa mawe. Kisha mtu aliingia. Aliingia kwa tumbo, kamba imefungwa kwenye kifundo cha mguu, tochi mkononi. Wa kwanza alikuwa mpimaji, kijana mwembamba asiye na mkuki, ambaye kazi yake ilikuwa kwenda kuona kona ni ngapi, wanyama ni wangapi, na udongo ukoje. Akishatoka na kueleza, ndipo aliingia mwenye mkuki, na mkuki wenyewe ulikuwa mfupi kama mkono, pamoja na kipande cha ngozi kavu ya ng'ombe cha kukingia miiba. Mwenye mkuki wetu alikuwa Nkwabi, mume wa Mama Kabula, mtu wa miaka thelathini na kitu, mpole, mwenye mabega ambayo hukuamini yangepita pale yalipopita. Mwaka ule mpimaji nikawa mimi.

Mazungumzo ya wawindaji yalikuwa na sehemu zake kama nyumba ilivyo na vyumba. Tulikutana kwa Mzee Jilala, kwenye nyumba ya msonge yenye giza la moshi na harufu ya ngozi, wakubwa wakiwa kwenye vigoda kuuzunguka moto, na mimi mlangoni, karibu na majembe, birika la maji ya kunawa likiwa mbele yangu. Niliwanawisha kwa mpangilio wa umri, nikapokea ugali wa mtama na mlenda kwa mama wa nyumba, nikaurudisha mkungu wa chakula, nikaketi tena. Kusikiliza niliruhusiwa. Kucheka niliruhusiwa pia, mradi nisiwe wa kwanza. Kusema ilikuwa jambo jingine. "Mdomo wa kijana ni wa kulia ugali," alikuwa akisema Bundala, mcheshi wa kundi, ambaye mdomo wake mwenyewe ulifanya kazi mbili bila kupumzika. Wakubwa waligombana kuhusu shimo lililochimbwa kabla sijazaliwa, nani alishika kamba, nani aliikimbia. Mara nyingine nilijua kabisa kwamba Bundala anaongopa, kwa sababu wiki iliyopita hadithi ile ile aliisimulia vingine. Nilimeza. Nilijifunza mengi kwa kumeza, sitaki kudanganya, ila nilijifunza pia kuogopa sauti yangu.

Palikuwa na mlango mmoja tu. Mpimaji akitoka shimoni, uso umejaa vumbi, neno lilikuwa lake. Wakubwa wote walinyamaza, hata Mzee Jilala, na kijana alisema alichokiona. Angeweza hata kusema, leo mtu asiingie, na hakuna ambaye angeingia. Haki hiyo ilidumu kwa muda ule vumbi lilipokuwa usoni. Akishanawa kwa maji ya kibuyu kilicholetwa kwa kazi hiyo, alirudi kuwa kijana, na mdomo wake ukarudi kwenye ugali. Tuliiita neno la mwenye vumbi. Nimefanya kazi na wahandisi wenye kofia za rangi tatu na sijaona utaratibu mzuri kuliko huo. Kasoro yake ilikuwa moja, nayo ilikuwa ndani yetu sisi watu. Kijana aliyenitangulia alitoka siku moja akasema udongo unadondoka kwenye dari. Bundala akajipenyeza kuangalia, akakuta mizizi mikavu imetikisika tu. Tangu siku hiyo jina la kijana yule likawa Udongo. Aliitwa Udongo kisimani, akaitwa Udongo harusini kwa dada yake, mpaka akaacha kuja.

Mahali nilipozungumza ni jikoni kwa Mama Kabula. Alikuwa Msumbwa wa Ushirombo, aliyeolewa mbali, na Kisukuma chake kilikuwa kikiwachekesha wanawake wa kijiji, naye akicheka nao. Nilipeleka kamba na mikuki kwa Nkwabi jioni, naye Mama Kabula alinisogezea michembe ya viazi vikavu aliyoipika na karanga, akaniambia, "Haya, mpimaji, waliongea nini leo hao wanaume?" Nilimsimulia kila kitu, pamoja na uongo wa Bundala, nikiiga sauti. Alinisikiliza kama mtu mzima. Alishika vizuri mwiko wetu, ambao kila mke wa mwenye mkuki aliujua: mume akiwa ameingia shimoni, mke asitoke nje ya uwanja wake, asitwange, asigombane na mtu, mpaka wanaume warudi. "Siku hizo nalala kama mgonjwa," aliniambia akicheka. "Hata kuni naletewa na Kabula."

Siku yenyewe ilikuwa wakati wa karanga kukomaa, mvua za mwisho zikiwa zimenyesha usiku wa siku mbili mfululizo. Shimo lilikuwa chini ya kichuguu kikubwa pembeni ya shamba. Niliingia. Kona ya kwanza ilikuwa pana, ya pili ikanibana mabega, na hapo ndipo udongo uliponidondokea shingoni, wa baridi, wenye unyevu, si mizizi. Niliacha kutambaa. Ukadondoka tena, mwingi zaidi, ukaingia mgongoni ndani ya shati. Mbele yangu niliona macho mawili, kisha mawili mengine, na nikasikia miiba ikitikiswa kama kibuyu chenye mbegu. Nungunungu wawili. Nikarudi kinyumenyume, na nilipotokeza nje wakubwa saba wameniinamia, kimya, wakiningoja mimi. Sikuwa nimewahi kungojwa na mtu. Nikasema kona ni mbili, wanyama ni wawili, dume ni mkubwa kama mbwa, na nilivyoona wananitazama nikaongeza maneno, nikaeleza macho, nikaiga mlio wa miiba. Bundala akacheka. Hata Mzee Jilala alitabasamu. "Na udongo?" akauliza Nkwabi, akifunga kamba mguuni. Nililisikia jina lile, Udongo, kabla hajalitamka mtu. Nikasema, "Udongo mzuri." Kisha nikanawa uso.

Maji yalipokuwa bado yananitiririka kidevuni nilijua nimefanya nini. Nkwabi alikuwa amelala kifudifudi, kichwa kimeshaingia. Nikasema, "Baba Jilala..." Bundala akaniwahi, "Umeshanawa, ng'wanawane, mwanangu wewe," na wengine wakacheka, cheko la watu wenye furaha ya nyama inayokuja. Ningeweza kupiga kelele. Ningeweza kuvuta kamba. Nilinyamaza, nikajiambia pengine atapita salama, yeye ana uzoefu. Kamba ikaenda, ikaenda, ikasimama. Hatukusikia kishindo kikubwa. Kichuguu kilishuka kidogo tu, kama mtu anayeketi, na kamba ikakaza. Tulichimba mpaka jua lilipoegemea magharibi. Tulimtoa akiwa anapumua, midomo imejaa tope, na alipofumbua macho alituuliza kwa nini tumemfunga miguu. Hakuna aliyekuwa amemfunga. Tukambeba kwa kitanda cha kamba hadi Kolandoto, hospitali, na kule walimwokoa, lakini uti wa mgongo ulikuwa umevunjika.

Siku ya tatu wakubwa walikaa kwa Mzee Jilala. Niliwanawisha mikono. Mtu ambaye hajawahi kuwa mlangoni, mwenye birika, hajui jinsi hukumu inavyopikwa. Hakuna aliyemshtaki mtu. Mmoja alisema, kichuguu kile kimekaa miaka yote bila kuanguka. Mwingine akasema, vitu haviangukii watu bure. Tonge mbili tatu zikamezwa. Bundala, na siku hiyo hakuwa anatania, akasema, "Mimi sisemi kitu. Ila mke wangu aliona mtu njia ya kisimani asubuhi ile. Kwa mbali. Kitenge cha njano." Kitenge cha njano kijijini walikuwa nacho wanawake kumi. Mwingine akaongeza kwamba wageni hawajui uzito wa miiko yetu. Kila mmoja aliweka kijiti chake, na hakuna aliyesema ni nani aliyewasha moto. Mzee Jilala alikaa muda mrefu akitazama majivu. Mwishowe akasema, "Basi apumzike kwao kwanza." Wote wakaitikia kwa pamoja, na nikawaletea maji ya kunawa kwa mara ya pili.

Kupumzika kwao maana yake ilijulikana. Mimi, kwa kuwa nilikuwa mdogo wa wote, ndiye niliyetumwa kumbebea Mama Kabula sanduku hadi barabarani. Alimbeba mtoto mchanga mgongoni. Kabula alishikiliwa na bibi yake langoni akilia. Mama Kabula alikuwa amewaambia mara moja tu kwamba hakutoka uwanjani siku ile, hakulirudia. Tulipokuwa tukisubiri lori aliniambia, "Mwambie bibi, Kabula hanywi uji bila maziwa. Asimlazimishe." Nikasema nitamwambia. Nilikuwa nimesimama naye saa nzima, peke yetu, bila mtu wa kuniuliza kama nimenawa au sijanawa. Lori likaja. Nikamsukumia sanduku juu, akashukuru, "Wabeja, Maduhu." Neno hilo la shukrani bado linaniuma kuliko matusi yote niliyowahi kutukanwa.

Watu hudhani mtu muoga huwa hana raha mchana kutwa. Si kweli. Nilikula, nilicheza mpira, nilivuna pamba. Kilichonishinda ni Nkwabi aliporudi. Walimleta wakati wa kiangazi, wakamlaza kwenye chumba alichokuwa akilala na mkewe, chenye dirisha dogo na kalenda ya misheni ukutani. Bibi, mama yake, ndiye aliyemhudumia, na alikuwa mzee. Nilimpelekea Nkwabi maziwa ya mgando. Aliniomba niketi kitandani, akanitazama sana. "Maduhu," akasema, "wamenieleza habari za mke wangu. Nimekataa kuamini. Lakini nataka nikuulize wewe, kwa sababu wewe ulitangulia. Ulipopima, udongo ulikuwaje?" Hapakuwa na Bundala mle. Hapakuwa na wa kucheka. Nikasema, "Mkavu, kaka. Mgumu." Akafumba macho. "Kwa hiyo ni kweli," akasema, akageuza uso ukutani. Nilitoka na bakuli la maziwa mkononi, halijaguswa.

Uongo wa kwanza niliweza kuusamehe, ulikuwa wa kijana aliyetaka kusikilizwa. Huu wa pili haukuwa na jina. Hata leo, nikiwa nimesimamia maduara, mashimo ya dhahabu, kwa miaka mingi na kumlazimisha kila kijana anayetoka chini aseme habari za udongo kabla ya habari za mawe, sijapata jina lake. Siku ya nne baada ya hapo nilimuaga bibi kwamba naenda kutafuta kibarua, nikapanda lori la mahindi hadi Kahama, na kutoka Kahama nikasogea kwa baiskeli za watu na miguu yangu mpaka Ushirombo.

Nilimkuta Mama Kabula nyuma ya nyumba ya kaka yake anamenya karanga. Nikapiga magoti, nikamwamkia, nikasema yote kwa pumzi moja, udongo shingoni, jina la Udongo, kunawa, na jibu nililompa Nkwabi kitandani. Aliendelea kumenya. Maganda yalikuwa yakianguka kwenye ungo. Nilipomaliza aliuliza, "Umewaambia wao?"

"Bado, dada."

"Basi bado hujasema." Hakupandisha sauti. "Mimi najua kwamba sikutoka uwanjani. Nimelijua tangu siku ile. Hujaniletea habari, Maduhu, umeniletea mzigo wako uutue hapa kwangu. Nenda kaseme kule kule nilikosemwa." Kisha akaniletea chakula, ugali na maharage, akanisimamia mpaka nikamaliza, kwa sababu safari ilikuwa ndefu. Hicho ndicho chakula kigumu kuliko vyote nilivyowahi kula.

Niliwakuta wakubwa wamekaa kwa Mzee Jilala wakizungumza habari za fisi. Birika lilikuwa mlangoni, halina mtu. Sikulishika. Nikasimama pale kwenye majembe nikasema, "Naomba neno." Bundala akageuka. "Umetoka shimo gani wewe?" akauliza, na mmoja akaguna kwa kicheko. Sikuwa na vumbi usoni. Nilisema. Nilisema vibaya, nikirudia rudia, na nilipofika kwenye jibu nililompa Nkwabi sauti ilikatika ikabidi nianze tena. Hakuna aliyenikatiza. Bundala aliinamisha kichwa akawa anachimba ardhi kwa kidole cha mguu. Ndipo Mzee Jilala alisema, taratibu, bila kumtazama mtu, "Nililiona tope. Kijana huyu alipotoka shimoni mgongo wake ulikuwa na tope bichi. Nilishika kamba miaka thelathini, najua tope la dari."

Nilimuuliza, na sijui nguvu ile niliitoa wapi, "Mbona hukusema, baba?"

"Nilikungoja useme wewe. Neno lilikuwa lako." Akasogeza kijinga cha moto. "Ulipoliacha, nikajiambia, wacha, tutawahi kurudi kabla ya mvua. Na baadaye ikawa rahisi kumtwika kosa mtu ambaye ndugu zake wako mbali." Alikuwa mtu mkubwa, anayeogopwa katika vijiji vitatu, na sauti yake ilitoka ndogo. Nilikuwa nimetembea siku tatu nikidhani kwamba mle ndani mwenye kujua ni mimi peke yangu. Nilimchukia. Nilimhurumia pia, na kwa muda mrefu sikujua la kufanya na vyote viwili.

Kesho yake Mzee Jilala alichukua fimbo yake akaniambia twende. Ushirombo alipewa kigoda cha heshima, naye Mama Kabula alimwamkia kama inavyostahili, "Shikamoo baba." Mzee akaitikia marahaba, akaanza kuzungumza habari za njia, za mvua, za ng'ombe waliopotea Kahama. Mama Kabula aliitikia kila jambo. Mwishowe alisema, "Baba, kijana huyu alikuja hapa akasema yote kabla sijamkaribisha maji. Wewe umenywa mara mbili." Ndipo Mzee akasema. Alisema aliliona tope akanyamaza. Alisema alijua Mama Kabula hana kosa, akamwacha aondoke. Kaka yake Mama Kabula alisimama kama mtu anayetaka kupiga, akaketi tena. Mama Kabula mwenyewe alikuwa akitazama mikono yake.

"Mlinisema wote," akajibu. "Mtayatengua maneno yenu wote, uwanjani, na wanawake wakiwepo."

"Itakuwa hivyo."

"Nani anamgeuza?"

Mzee Jilala hakuelewa. "Nani amegeuza nini, mama?"

"Mume wangu. Nani anamgeuza kitandani?"

"Mama yake yupo."

"Mara ngapi?"

Mzee akanitazama mimi. Nikasema ukweli. "Asubuhi. Na jioni, bibi akiwa na nguvu." Mama Kabula alishika mdomo kwa kiganja, halafu akaingia ndani na kuanza kufunga sanduku.

Tulifika kijijini mchana. Mzee Jilala alikuwa ametanguliza habari, na uwanja wa Nkwabi ulikuwa umejaa, wawindaji upande mmoja, wanawake upande mwingine, Bundala ameshika kofia mkononi. Walikuwa wamemwekea Mama Kabula kiti katikati. Hakukikalia. Alimpa Kabula mtoto amshike, akapita katikati yao wote bila kusalimia, akaingia ndani. Nje Mzee Jilala alikohoa, akaanza kusema alichokuja kukisema. Alikuwa hajafika mbali nilipoitwa kutoka ndani. "Maduhu. Njoo ushike miguu."

Chumba kilikuwa na harufu ya usaha na mkojo. Nkwabi alikuwa amejifunika uso kwa mkono, mabega yakimtikisika, na mkewe alikuwa ameshafunua shuka na anatazama kidonda cha kwenye nyonga, kipana kama kiganja changu. Nikashika miguu. Ilikuwa myepesi kuliko nilivyotegemea. Nikaivuta haraka ili tumalize, na Mama Kabula akanishika kifundo cha mkono.

"Polepole," akaniambia. "Yeye hasikii kwamba anaumia. Wewe ndiye wa kujua."